Kabla ya Kulipia Namba, Kaa na Nyumba Yako

Ukitoka nje Jumapili alfajiri hapa Dar es Salaam, kabla makondakta hawajaanza kugombania abiria, utakutana na wakimbiaji wa aina mbili. Wa kwanza tumewazoea: klabu za joging za Temeke na Mbagala, fulana za sare, filimbi mdomoni, nyimbo za mchakamchaka zinazoamsha mtaa mzima. Wa pili bado ni wageni kidogo machoni. Ni mtu mmoja mmoja, pengine mhasibu, pengine mwalimu, pengine mama mwenye duka la dawa, anapita kimyakimya pembeni mwa barabara na kila baada ya muda anatupia jicho saa yake. Huyo anajiandaa na marathoni yake ya kwanza. Miezi michache baadaye utamwona kwenye stetasi ya WhatsApp, medali shingoni, na chini yake ameandika: "Nimeweza mwenyewe."

Hapo ndipo tunapokosana. Sijamwona bado mtu mwenye kazi na familia aliyemaliza marathoni yake ya kwanza kwa nguvu za miguu yake tu. Nasema marathoni ya kwanza ni mradi wa nyumba nzima. Anayeuanza bila kukaa chini na watu wake anatumia muda wao pasipo kuwaomba. Na sisi ndugu na marafiki, ambao msaada wetu huishia kwenye makofi na vikatuni vya kwenye simu, tunadaiwa zaidi ya hapo. Mkono mtupu haulambwi.

Ajabu ni kwamba sisi ni watu wa kamati. Harusi ya usiku mmoja ina mwenyekiti, mweka hazina na vikao vya wiki kwa wiki, na asiyechanga anatumiwa ujumbe wa kumkumbusha. Lakini mtu akisema baada ya miezi minne anakwenda kukimbia kilomita 42, tunamuuliza kama ana akili timamu, tunacheka, kisha tunamwacha na lake. Ni nani alituambia furaha ya mtu inastahili kikao pale tu penye keki na ukumbi?

Mbio ni za siku moja, kazi ni ya miezi minne

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Watu wengi huiona siku ya tukio tu: bendera inashuka, ngoma zinapigwa, kamera zinapepesa. Kazi yenyewe ilishafanyika kabla. Ratiba nyingi za wanaoanza, tena wale ambao tayari wanaweza kukimbia kilomita 10 bila kuhema sana, huchukua wiki 16 hadi 20. Ni siku tatu au nne kwa wiki, na wikiendi kuna mbio moja ndefu inayoongezwa taratibu mpaka ifike kilomita 30 au kuzidi kidogo.

Sasa tupige hesabu. Mtu wa kawaida akienda kwa dakika saba kila kilomita, kilomita 30 zitamchukua saa tatu na nusu. Ongeza muda wa kuamka, kujipaka mafuta mapajani yasichubuke, kurudi, kuoga, kula chakula cha watu wawili na kulala kama gogo. Jumapili imekwisha na jua bado liko juu. Wakati huo watoto wamepelekwa ibadani na nani? Nani amefua sare za shule? Nani amekwenda sokoni na kumpigia bibi simu kijijini? Kazi hizo hazikusimama kumsubiri mkimbiaji. Zimehamia kwenye mabega ya mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo hakuulizwa.

Fedha nazo zina maneno yake. Raba za kukimbilia huchoka zikishakula kilomita kati ya 500 na 800 hivi, na maandalizi ya marathoni moja yanaweza kuzimaliza. Wengi wetu tunazitafuta kwenye mitumba ya Karume, tunakunja soli, tunanusa, tunabishana bei, lakini hata za mtumba zina gharama. Kuna ada ya kushiriki, nauli, na malazi kama mbio ziko mkoani. Kuna chakula pia: mtu anayekimbia kilomita 50 kwa wiki anakula wali na viazi vitamu mpaka mpishi anaanza kupima kwa sufuria nyingine. Fedha hiyo imetoka kwenye kapu lilelile la kodi na ada za shule.

Mtaani kwetu kuna fundi cherehani, mama wa watoto wawili, aliyekuwa akijiandaa na mbio za Moshi. Mumewe ni dereva na hajawahi kukimbia hata kulifukuzia basi. Lakini kila mbio ndefu alimfuata kwa baiskeli yake nzito ya Phoenix, chupa mbili za maji na ndizi zimefungwa kwa mpira wa baiskeli kwenye kariya, simu yenye tochi imening'inizwa kwenye usukani. Mdogo wake mume ndiye aliyebaki na watoto. Jumamosi jioni utasikia dirishani:

"Shemeji, kesho ngapi?"

"Ishirini na nane."

"Mama yangu! Basi maharage naloweka leo leo."

Hiyo ndiyo kamati ninayoisema. Haina mwenyekiti wala kadi za mchango. Ina baiskeli, ndizi na mtu aliyejua tangu jana kwamba chakula cha mchana ni juu yake.

Hata mabingwa wana watu

Tunapenda sana kuisimulia riadha kama habari ya mtu mmoja mwenye moyo wa chuma. Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu aliposhinda dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo Septemba 2025, kwa saa 2:09:48 na kwa tofauti ya sekunde 0.03 tu mbele ya Mjerumani Amanal Petros, ilitosha kumfanya hata mwenye kitambi azitazame raba zake upya. Kila mtu alijiona Simbu. Tuliona kifua kikisukumwa kwenye mstari, hatukuona waliosimama nyuma ya kifua hicho kwa miaka yote.

Mchukue Mkenya Eliud Kipchoge, ambaye kwa wengi ndiye mfano wa nidhamu ya mtu binafsi. Oktoba 12, 2019, mjini Vienna, alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40. Mbele na nyuma yake walipokezana waweka kasi 41, wakimkinga na upepo. Gari lilitangulia likimulika mwanga barabarani kuonyesha mwendo unaotakiwa. Vinywaji aliletewa na watu wa baiskeli. Kwa sababu ya msaada huo mkubwa, muda ule haukuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia, na ndivyo kanuni zinavyotaka. Lakini wewe unayekimbia kwa mara ya kwanza hutafuti rekodi ya dunia. Unatafuta kufika salama. Kama mtu wa kiwango cha Kipchoge alihitaji watu 41, wewe na kazi yako ya ofisini unaona aibu kuomba watatu?

Hata katika siku za kawaida Kipchoge hakujijenga peke yake. Kambi yake ya mazoezi ya Kaptagat ni maisha ya pamoja: wanakimbia kwa kundi, wanapeana zamu za usafi, na bingwa wa Olimpiki naye anashika ufagio. Kocha wake, Patrick Sang, aliyepata fedha ya kuruka viunzi na maji Barcelona 1992, ni mtu wa kwao Nandi.

Na sisi Watanzania tuna pia John Stephen Akhwari. Kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 1968, alianguka, akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, watazamaji wengi wakiwa wameshaondoka. Habari hii tunaihubiri mashuleni kama somo la mtu asiyekata tamaa. Lakini mwenyewe alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa kuwataja wengine: nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio tu, ilimtuma amalize. Waliomsukuma kwenye goti bovu ni watu waliomtuma. Mtu ni watu.

Mwanamke na alfajiri ya gizani

Hapa tusifichane. Mzigo wa kuomba ruhusa nyumbani haufanani kwa wote. Mwanamume akitangaza anafanya mazoezi ya marathoni, nyumba inajipanga kumzunguka. Mwanamke akitangaza hivyo, ataulizwa chai itachemshwa na nani. Akitoka saa kumi na moja alfajiri, giza ni lake, mbwa ni wake, bodaboda anayepunguza mwendo ni wake. Kukikucha, vijiwe navyo vinaamka: "Dada, unamkimbia nani?" Kwa kuwa amevaa taitsi, kuna wenye maoni kuhusu maadili ambao jana walikuwa hawana maoni kuhusu taa za barabarani zisizowaka.

Mwaka 1967, kwenye marathoni ya Boston, Kathrine Switzer alivaa namba 261 na kuingia kwenye mbio ambazo wakati ule zilihesabiwa kuwa za wanaume. Msimamizi mmoja wa mbio alimrukia kutaka kumnyang'anya namba. Kocha wake, Arnie Briggs, aliyekuwa akikimbia naye, alipiga kelele aachwe, na mpenzi wake, Tom Miller, alimpiga kikumbo msimamizi yule mpaka akamwachia. Switzer akamaliza. Boston ilikuja kuwafungulia rasmi wanawake mwaka 1972, na Olimpiki ikawapa marathoni yao mwaka 1984. Ujasiri ulikuwa wa Switzer, lakini siku ile ungefika wapi kama pembeni yake kusingekuwa na watu wawili waliokataa kusimama na kutazama?

Kwetu hakuna tena wa kumvua mwanamke namba barabarani. Anavuliwa mapema, nyumbani, kwa kazi ambazo hazigawiwi. Ndiyo maana namheshimu yule dereva wa baiskeli ya Phoenix kuliko mume anayeshangilia mke wake kwenye mstari wa kumalizia akiwa amevaa fulana mpya, huku miezi minne yote hakuosha hata kikombe. Kaka, kama unataka kumsaidia dada yako, usianze na maneno ya kumtia moyo. Amka saa kumi na moja, utembee naye mpaka jua litoke. Ukirudi, washa jiko.

Msaada unaosaidia, na ule unaoua

Siku ya mbio ina mambo yake, na hapa mapenzi bila maarifa yanaweza kuleta balaa. Tuchukue Moshi, kwa kuwa Kilimanjaro Marathon ndiyo mbio ambayo Watanzania wengi huizungumzia wanapoanza kuota kilomita 42. Imekuwapo tangu 2003, na wenye kuijua wanaiogopa kwa jambo moja: nusu ya kwanza inakudanganya, kisha unaelekezwa kupanda barabara ya Mweka jua likiwa limeshachomoza. Ndugu wengi hujazana uwanjani kwenye mstari wa kumalizia kwa ajili ya picha. Kule Mweka, ambako mtu anahitaji kuliona jicho analolijua, wapo wachache.

Kuna sababu ya kusimama huko. Mwili hutunza wanga kwenye misuli na kwenye ini, na akiba hiyo kwa kawaida huanza kumalizika karibu na kilomita ya 30. Miguu inageuka magogo, kichwa kinaanza kutoa hoja za kuacha, na mtu mzima analia barabarani bila kujua kwa nini. Kwa hiyo nenda ukasimame kilomita ya 28, ya 30, ya 33. Muite kwa jina. Usimwambie "umefika, bado kidogo tu" wakati zimebaki kilomita 12. Huo ni uongo, na akifika mbele akakuta barabara bado ndefu, nguvu zitamwisha zaidi. Mwambie ukweli: "Uko ya thelathini, mteremko unaanza pale mbele, mama anakusubiri uwanjani."

Jambo la pili ni maji. Tumezoea kuona kila anayetoka jasho anapungukiwa maji, basi tunamlazimisha anywe kila anapopita. Mkimbiaji wa saa tano au sita anayebugia maji kupita kiasi anaweza kuzimua chumvi ya damu, akavurugika akili, akaanguka, na wapo waliopoteza maisha kwa njia hiyo. Anywe kwa kiu yake. Na usimpe chakula kipya barabarani kwa sababu umeona mwingine anakula. Tumbo la marathoni halipendi wageni.

La tatu ni gumu zaidi. Msaidizi wa kweli lazima apewe ruhusa ya kusema basi. Mkubaliane mapema, mkiwa mmetulia nyumbani: ukiona ninashika kifua, ukiona ninayumba au siongei ya kueleweka, nitoe barabarani na uite wauguzi. Habari ya Akhwari isiwe fimbo ya kumchapia mgonjwa. Yeye alikuwa mwanariadha wa Olimpiki mwenye goti lililoumia. Jirani yangu mwenye presha anayeona kizunguzungu hana cha kumthibitishia mtu. Medali inaweza kusubiri mwaka kesho.

Na ukimaliza kazi ya kushangilia, kumbuka mambo madogo: kandambili za kuvaa baada ya raba, nguo kavu, uji wa moto kwenye chupa, na bega la kuegemea. Kucha mbili nyeusi na ngazi za gesti kwa pamoja ni adhabu tosha.

Na nyumba ikisema hapana?

Najua nitakachoambiwa. Maisha yamebana, nani ana muda wa kamati ya mbio? Kuna mlinzi anayetoka lindo asubuhi, kuna mama anayelea peke yake, kuna anayemuuguza mzazi. Kweli kabisa. Na ndiyo maana nasisitiza kuuliza kabla ya kulipia namba, si baada. Nyumba ikijibu kwamba mwaka huu haiwezi, jibu hilo ni halali. Mbio nyingi zina kilomita 5, 10 na 21, na maandalizi yake hayali Jumapili zote. Anayelazimisha 42 huku nyumba imemnunia atafanya mazoezi nusunusu, atalala kidogo, ataumia, na mwisho atakuwa amekosa mbio na amani. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Wengine watasema huu ni ubinafsi uliovikwa raba. Unaweza kuwa hivyo, ndiyo. Mtu anayewaacha watoto na mwenzake kila wikiendi, akirudi anadai nyama na ukimya alale, ni mbinafsi hata kama anakimbilia hisani. Tumejenga utamaduni mzuri wa mbio za kuchangia: NBC Dodoma Marathon imekuwa ikichangisha kwa ajili ya kupambana na saratani ya mlango wa kizazi, na CRDB Bank Marathon kwa ajili ya upasuaji wa watoto wenye matatizo ya moyo. Ni jambo jema. Lakini ukarimu mwingi barabarani na ubahili sebuleni havikai pamoja.

Kwa hiyo napendekeza utaratibu rahisi. Kaeni mezani na kalenda. Weka alama kwenye harusi, shughuli za shule, mfungo wa Ramadhani kama unaangukia humo, mwisho wa mwezi wenye kodi. Andikeni nani anapika Jumapili zipi, nani anamsindikiza mkimbiaji asubuhi, na kiasi gani cha fedha kinaruhusiwa kutoka. Mkimbiaji naye aahidi chake: Jumamosi mchana ni ya watoto, hakuna kununua saa mpya kwa siri, na mwezi mzima baada ya mbio ni wa nyumba. Waliokubaliana mapema hugombana kidogo, na wakigombana wanajua wanagombania nini.

Halafu zamu ihamie kwa mwingine. Wiki ya kwanza baada ya mbio, wakati bado unashuka ngazi kinyumenyume, waulize waliokubeba wanataka nini. Pengine mwenzako alikuwa anatamani kurudi chuo jioni. Pengine shemeji anataka kufungua genge, na anachohitaji ni mtu wa kumshikia watoto kila alfajiri akienda sokoni. Wape miezi ileile minne waliyokupa, pamoja na maharage ya kuloweka Jumamosi. Ukiweza kukaa jikoni wiki 16 bila kuvishwa medali na yeyote, hapo utakuwa umeelewa ulichofanyiwa.